Nani Alifungua Faili Langu?

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, na wengine wenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kuna jambo lilinikaa kooni, na kila nilipoketi kuandika habari za simu au programu mpya, lilinizibia njia. Leo nalitoa. Ni habari ya mstari mmoja wa msimbo nilioufuta kwa mkono wangu mwenyewe, na ya dada mmoja aliyelipia kosa hilo.

Mlio nami tangu mwanzo mnajua kwamba nilipotoka chuo kikuu na digrii yangu ya sayansi ya kompyuta, kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kutengeneza programu ya rekodi za wagonjwa kwa hospitali moja ya binafsi. Jina lake silitaji. Kabla yangu walikuwa na chumba kizima cha mafaili ya karatasi, na mzee mmoja aliyejua kila faili lilipo. Siku mzee akiwa likizoni, mgonjwa alianza upya kama hajawahi kukanyaga pale. Kwa hiyo programu yangu ilipokelewa kwa shangwe. Daktari akiandika jina la mgonjwa, faili lote liko mbele yake: maabara, dawa, malipo, kila kitu. Nilijivuna, kwa nini nifiche?

Na mwanzoni nilifanya kazi yangu vizuri. Kila mtu alipofungua faili la mgonjwa, programu iliandika kwenye jedwali la pembeni: nani amefungua, faili la nani, ukurasa gani, saa ngapi, kwa kompyuta ipi. Chuoni tulifundishwa hivyo, nami nikafuata.

Kisha ikaja Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi. Wagonjwa wamejaa kwenye korido, ukurasa mmoja unachukua sekunde tisa kufunguka, na daktari mkuu amenisimamia nyuma ya kiti. "Kijana, mashine yako inazunguka tu. Nifanyeje na watu hawa?" Nikatafuta, nikakuta jedwali lile la pembeni limekuwa kubwa kuliko hifadhidata yote, na diski ya seva imebaki na nafasi kidogo sana. Nikauzima mstari ule. Kurasa zikaanza kufunguka kama upepo. Daktari akanipiga bega, akaenda zake. Nikajiambia nitaurudisha Jumatatu, nikishapanga jedwali upya.

Jumatatu hiyo ilichukua miezi mitano kufika.

Hapa niwaeleze kitu wasio wa fani hii. Hifadhidata nyingi zina namna ya kujiandikia zenyewe mtu anapoongeza, anapobadilisha au anapofuta kitu. Lakini mtu akisoma tu, hilo kengele yake hailii. Kusoma hakubadilishi chochote, na kwa mashine ni kama hakuna kilichotokea. Ukitaka kujua nani amesoma, mara nyingi mwandishi wa programu huandika sehemu hiyo mwenyewe. Mimi nilibakiza rekodi ya walioandika, nikaondoa ya waliosoma. Niliona hasara ni ndogo. Kwani kusoma kunamdhuru nani?

Dada wa kaunta ya malipo ndiye aliyenijibu.

Wafanyakazi wa hospitali ile walitibiwa palepale. Walilipa nusu, iliyobaki ikakatwa kwenye mshahara kidogo kidogo. Ni marupurupu mazuri, lakini maana yake ni kwamba siri yako ya mwilini inakaa kwenye kompyuta za watu unaokunywa nao chai saa nne. Dada huyu alikuwa ametibiwa pale ugonjwa ambao hakuwa amemwambia mtu, hata nyumbani kwake. Ugonjwa gani, sisemi, na nawaomba msikisie.

Alinikuta ofisini, chumba kile kidogo chenye seva na feni.

"Kaka, una dakika mbili?"

"Ninazo, dada. Mashine imekataa tena?"

"Mashine ni nzima." Akafunga mlango nyuma yake. "Jana kwenye chai mtu ameniambia pole. Si pole ya mafua. Pole ya kitu ambacho sijamwambia mtu. Leo wa pili naye ameniambia hivyo hivyo. Nataka uniambie kitu kimoja tu. Nani alifungua faili langu?"

Nikageukia skrini. Hata kabla ya kufungua jedwali nilikuwa nimeshakumbuka ile Ijumaa. Mstari wa mwisho ulikuwa wa miezi mitano nyuma. Nikafungua faili lake lenyewe, nikidhani labda tarehe zitanisaidia. Nikaona daktari aliyeandika, maabara walioweka majibu, famasia waliotoa dawa. Na macho ni macho. Nikasoma.

"Unaona nini?"

"Naona walioandika. Waliosoma siwaoni."

"Kwa nini huwaoni?"

"Sehemu hiyo niliizima, dada. Ilikuwa inafanya mashine iwe nzito."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo ni kama hawakufungua."

Sikuwa na jibu.

"Na wewe," akasema, "sasa hivi umesoma?"

"Nimesoma."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji pungufu naye hana nguvu ya kubishana. Akafungua mlango, akarudi kwenye kaunta yake.

Alipeleka malalamiko kwa utawala. Wakamsikiliza kwa heshima, wakamwambia bila ushahidi hawawezi kumtuhumu mtu. Ikaitishwa mkutano, wafanyakazi wote wakakumbushwa kutunza siri za wagonjwa, na bila shaka baada ya mkutano huo hata wale wasiojua kitu walianza kuuliza ni faili la nani. Miezi miwili baadaye akaacha kazi. Ushahidi alioombwa ulikuwa ni ule nilioufuta mimi.

Baada ya hapo nilianza kusoma usiku. Nilitaka kujua kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuuliza swali la dada yule. Nikakuta yupo, na kesi yake inafanana na yetu mpaka inatisha.

Ilikuwa Finland. Muuguzi alifanya kazi kuanzia mwaka 1989 katika kliniki ya macho ya hospitali ya umma, kwa mikataba ya muda. Hospitali hiyohiyo ndiyo iliyomtibu tangu 1987, katika kliniki ya magonjwa ya kuambukiza, kwa sababu alikuwa na virusi vya UKIMWI. Mwanzoni mwa 1992 akaanza kuona dalili kwamba wenzake wanajua. Wakati huo wafanyakazi wa hospitali waliweza kufungua rejista ya wagonjwa bila kizuizi. Alipomweleza daktari wake, rejista ilibadilishwa ili waone wale wa kliniki inayomtibu tu, naye akaandikishwa kwa jina la bandia. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Mwaka 1995 mkataba wake haukuendelezwa.

Mwaka 1996 aliomba rasmi ichunguzwe nani alifungua faili lake. Jibu alilopewa, mimi nililisoma mara tatu. Mfumo ulionyesha mara tano tu za mwisho faili lilipofunguliwa, tena ulionyesha idara wala si mtu, na hata hizo tano zilifutika faili liliporudishwa kwenye hifadhi. Alipokwenda mahakamani akaambiwa kwamba hajathibitisha kuwa faili lilisomwa isivyo halali. Rufaa nayo ikakataliwa.

Akaenda mpaka Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Tarehe 17 Julai 2008 mahakama hiyo ikampa haki. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni hii: huwezi kumdai mgonjwa ushahidi ambao ni wewe hospitali uliyepaswa kuutunza na hukuutunza. Kumlipa fidia baadaye hakutoshi, ulinzi unatakiwa uwe wa kweli, uzuie faili lisifunguliwe ovyo tangu mwanzo. Finland ikaamriwa kumlipa, ikiwemo euro 8,000 kwa maumivu ya moyo.

Wasomaji wangu, nilikaa na kesi hiyo mpaka alfajiri. Watu wale walitengeneza mfumo wao kabla sijazaliwa. Mimi nilikuwa na seva ya kisasa na digrii ukutani, nikarudia kosa lao, tena nikalizidisha. Wao angalau walibakiza tano.

Na msidhani ni mambo ya Finland pekee. Marekani, mwaka 2010, mtu aliyekuwa mtafiti katika hospitali ya chuo kikuu cha UCLA huko Los Angeles alifungwa miezi minne kwa kuchungulia rekodi. Mwaka 2003 alikuwa amepewa barua ya kumjulisha kwamba ataachishwa kazi, na usiku huohuo akafungua rekodi za matibabu za bosi wake na za wafanyakazi wenzake, kisha katika majuma yaliyofuata akaingia kwenye za watu mashuhuri. Mwaka 2011 UCLA ikakubali kulipa dola 865,500 kumaliza malalamiko kuhusu wafanyakazi waliochungulia rekodi za watu maarufu. Mtafiti yule alijulikana kwa sababu kila alipogusa faili, mfumo uliandika. Siri ya mtungi aijuaye kata. Dada wetu alikosa kata.

Hapa kwetu sheria zipo, tena si chache. Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Kabla yake kulikuwa na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2006, inayokataza kutoa habari za hali ya mtu bila idhini yake, nayo ikaanzisha baraza maalum la kusikiliza malalamiko. Sheria ya Afya ya 2017 inasema habari za mgonjwa ni siri, mpaka hata ile habari kwamba alikuja hospitali. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka habari za afya kwenye kundi la data nyeti, na inamtaka mtunzaji wa data apange ulinzi tangu anapobuni mfumo. Data za watu zikifikiwa isivyo halali na kukawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72.

Sasa fikiria. Utamwarifu vipi Kamishna kwamba faili limechunguliwa kama wewe mwenyewe huwezi kuliona tukio hilo? Kwa kufuta mstari mmoja niliifanya hospitali nzima ishindwe kutii sheria, na hakuna aliyegundua, kwa sababu kurasa zilifunguka haraka.

Kabla ya kurekebisha nilizunguka nikiuliza watu, si kwa kuwatuhumu, kwa nini mtu hufungua faili la mwenzake. Nilitegemea kusikia habari za uadui. Nilichosikia kilikuwa cha kawaida kabisa. Mwenzetu amelazwa, tunataka kujua wodi gani tumpelekee uji. Tunachanga kwenye kundi la WhatsApp, tunataka kujua bili imefika wapi. Nilitaka namba yake ya simu. Yeye mwenyewe aliniomba nimwangalizie majibu asipange foleni. Muuguzi mmoja wa makamo aliniambia, "Kijana wangu, sisi hapa ni familia." Nami nikamwamini. Lakini familia ndiyo inayojua zaidi mahali pa kukuumiza, na anayefungua faili kutafuta namba ya wodi hupita kwanza kwenye jina la ugonjwa. Macho hayajui kuruka mistari. Nilishajionea kwangu.

Basi hivi ndivyo nilivyopanga upya. Naandika kwa wale mnaotengeneza programu kama hizi, lakini hata asiye fundi ataelewa.

1. Rekodi ya waliosoma imerudi, na haikuifanya mashine kuwa nzito. Ule uzito wa zamani ulikuwa uvivu wangu. Nimegawa jedwali kwa miezi, ya zamani yanahamia seva nyingine, na programu haisubiri kuandika rekodi ndipo ionyeshe ukurasa. Inaweka kwenye foleni salama na kuendelea.

2. Akaunti ambayo programu hutumia kuingia kwenye hifadhidata inaruhusiwa kuongeza mstari kwenye jedwali hilo, basi. Kubadilisha au kufuta haiwezi. Nywila ya anayeweza kufuta haiko kwangu, iko kwa utawala.

3. Hakuna tena akaunti ya pamoja. Awali wodi nzima iliingia kwa jina moja, na nywila ilibandikwa kwenye skrini kwa karatasi ya njano. Rekodi inayosema "wodi ilifungua" ni ileile ya Finland. Kila mtu ana jina lake, na kompyuta inajifunga akiiacha.

4. Karani wa malipo anaona malipo, haoni ugonjwa. Mapokezi wanaona miadi, lakini jina la kliniki halionekani kwenye orodha. Hili lilinichukua muda kuligundua. Kwetu ukiandika tu CCC kando ya jina la mtu, huhitaji kuandika ugonjwa, kila mtu ameshaelewa.

5. Asiyemhudumia mgonjwa akitaka kufungua faili, programu inamsimamisha na kumtaka aandike sababu. Haimkatalii, kwa maana saa nane za usiku mgonjwa akiwa amezimia hatuwezi kumfungia daktari nje. Ni kama lile sanduku la kioo lenye kengele ya moto. Unaweza kulivunja, lakini kila mtu atajua umelivunja, na kesho utaulizwa moto ulikuwa wapi.

6. Mfanyakazi akifungua faili la mfanyakazi mwenzake, taarifa inakwenda kwa afisa mmoja aliyeteuliwa kuzipitia. Nilijaribu pia kushika wanaofungua mafaili ya jamaa zao kwa kulinganisha majina ya ukoo. Jamani, hii ni Kenya. Kina Otieno na kina Wanjiru walikuwa jamaa wa kila mtu, na afisa akazama kwenye taarifa za bure. Hilo nimeliondoa.

7. Mgonjwa akiuliza nani alifungua faili lake, anapewa orodha yenye majina na saa. Hili ndilo lililokuwa gumu kukubaliwa na utawala. Niliwaambia kwamba kama hatuwezi kumwonyesha mgonjwa, basi hatutunzi rekodi hiyo kwa ajili yake, tunaitunza kwa ajili yetu.

Nilipowasha mfumo mpya, afisa yule aliniita baada ya wiki ya kwanza. Alikuwa amechapisha orodha ya watu waliofungua mafaili mengi zaidi bila kuwa na mgonjwa wanayemhudumia. Akanisukumia karatasi bila kusema kitu. Jina la kwanza lilikuwa langu.

Ni kweli. Kila nilipojaribu kitufe kipya nilifungua faili la mtu yeyote aliyekuwa juu ya orodha. Kwenye laptopu yangu nilikuwa na nakala nzima ya hifadhidata, yenye majina ya kweli na magonjwa ya kweli, nikipanda nayo matatu kila jioni. Hakuna aliyewahi kuniuliza, kwa sababu sisi watu wa kompyuta hatuhesabiwi. Daktari amekula kiapo, muuguzi ana baraza linaloweza kumnyang'anya leseni. Mimi nilikuwa na nywila ya kila kitu na sijawahi kuapa popote. Nakala ile nimeifuta, nikatengeneza wagonjwa wa kubuni, na siku hizi nikilazimika kugusa data halisi naandika sababu kama mwingine yeyote.

Dada yule nilimtumia ujumbe. Nilimwambia nimerekebisha, na kwamba najua kwake nimechelewa. Alikaa siku mbili bila kujibu, kisha akaandika: "Sawa. Atakayeuliza baada yangu ajibiwe." Hakuongeza neno, nami sikutarajia aongeze.

Walionyesha ile pole kwenye chai sijawahi kuwajua, wala sitawajua. Inawezekana hawakufungua faili lolote, labda walisikia kwa mtu wa maabara, labda karatasi ilisahaulika kwenye printa. Hilo nalo ni sehemu ya hasara. Rekodi ile ingeweza kumpata mwenye kosa, na ingeweza pia kumsafisha asiye na kosa. Badala yake dada aliondoka akimshuku kila mtu, na wao wakabaki wakitazamana.

Kwa hiyo mwenzangu unayeandika programu ya zahanati, ya shule, ya chama cha akiba na mikopo, nakuomba ufanye jaribio moja leo kabla hujalala. Chagua jina moja kwenye mfumo wako, kisha jiulize: nani amelisoma jina hili mwezi huu? Kama jibu lako linaishia kwa walioandika tu, una Jumatatu yako inayokungoja. Usiiache ifike miezi mitano.

Wiki ijayo tukijaliwa nitarudi kwenye habari za simu kama kawaida yangu. Tuko pamoja.